Kidude Kilichonyamaza

Alhamisi, saa mbili na dakika tano asubuhi, muuguzi wa wodi ya wazazi aligundua kwamba jibu la kundi la damu la mama mmoja mjamzito halikuwahi kufika. Mpimaji wa maabara aliapa kwamba alilituma jana yake, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mama yule alikuwa anasubiri upasuaji. Damu ikatolewa na kupimwa upya, akapasuliwa salama, mtoto naye akalia vizuri. Lakini mtu alikuwa amesema uongo, na msimamizi wa kituo cha afya alishachapa barua ya kumfukuza mpimaji. Angeisaini saa sita.

Saa tatu fundi wa kompyuta alifika na mkoba wake.

"Usije ukamtetea kwa sababu anakuita mjomba," msimamizi alimwambia mlangoni.

"Hata muuza maji ananiita mjomba, mama. Nikiwatetea wote nitakula saa ngapi?"

"Haya. Na usisingizie kompyuta. Siku hizi imetulia kabisa, haipigi kelele."

Fundi aliingia maabara.

Chumba kilikuwa chembamba. Meza, darubini, kompyuta, na pembeni kabati la chuma la glavu na chupa. Ubavuni mwa kompyuta kilichomekwa kidude cha USB cha kunasa mtandao bila waya, kidogo kama kidole gumba, chenye taa ya kijani.

"Nionyeshe ulivyofanya jana," fundi alisema.

"Nilituma, mjomba. Tazama." Mpimaji alifungua orodha ya majibu. Mbele ya kila jina paliandikwa: Imetumwa. "Mimi na kazi hii miaka sita. Nidanganye ili nipate nini?"

"Sijasema umedanganya. Kabla ya kutuma ulifanya nini?"

"Nilifungua kabati, nikachukua glavu, sikulifunga. Sampuli nyingine ilikuwa inasubiri."

Mwenye ndoo na fagio, anayeitwa Mama Deki, alikuwa ameegemea mlango anasikiliza. Fundi akamgeukia.

"Wewe huwa unakichomoa kidude hiki ukifagia?"

"Mimi? Baba, mimi naogopa hata kuifuta vumbi kompyuta yenyewe, isije ikanirusha!"

"Wiki hii ulikuwepo siku zote?"

"Nilikuwepo. Huyu Jumatatu alikuwa na ruhusa, kaenda kumuuguza dada yake."

Fundi alifungua kumbukumbu za kompyuta, akasoma taratibu kwa kidole. Hadi Jumatatu taarifa zilijaa: mtandao umekatika, mtandao umerudi, mara ishirini au thelathini kwa siku. Ya mwisho ilikuwa Jumatatu, saa nane na robo mchana. Baada ya hapo, hakuna hata moja.

"Mtandao mbovu haupati nafuu kwa dakika moja," alinong'ona.

Akafungua mlango wa kabati la chuma hadi mwisho. Chuma kikakifunika kidude, kikauzuia mtandao. Taa ya kijani ikazimika. Kwenye kioo, alama ya mtandao ikabaki imejaa kabisa: Umeunganishwa.

"Kamwite msimamizi," alimwambia Mama Deki. "Na aje na boksi la kidude hiki. Najua analifungia kwenye droo yake."

Saa nne na nusu msimamizi alisimama katikati ya chumba, boksi mkononi. Sahani ya CD inayokuja na kidude haikuwemo ndani. Fundi alibonyeza kitufe cha kompyuta, sahani ikatoka.

"Kuna programu ndogo inaitwa dreva," fundi alisema. "Ndiyo inayoiambia kompyuta hali ya kidude. Niliyoweka mimi mwaka jana ilikuwa inasema kila mtandao ukikatika. Iliyo kwenye sahani hii ni ya zamani, haisemi kitu. Programu ya majibu inauliza tu, mtandao upo? Inaambiwa upo, inaandika imetumwa, na jibu linabaki humu humu. Jumatatu nani aliketi hapa?"

Mama Deki alitazama ndoo yake.

"Mimi," msimamizi alisema. "Ule ujumbe ulikuwa unaruka kwenye kioo kila dakika. Wagonjwa wanausoma dirishani, wanacheka: kituo kimekatika tena! Nikaweka sahani, ukanyamaza. Nikajisifu, nikajua nimetengeneza."

"Ulimnyamazisha shahidi, mama."

Mpimaji alifuta macho kwa mkono wa koti. "Na mimi ukaniandikia barua."

"Nilikuandikia." Msimamizi alikaa kwenye kiti. Sauti ilishuka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwongo mbele ya wodi nzima. Nitalifuta neno hilo hapo hapo wodini, leo."

Fundi aliirudisha dreva yake kutoka kwenye fleshi. Waliyahesabu majibu yaliyokwama: kumi na moja. Msimamizi aliitoa ile barua mfukoni, akaigeuza, akachukua kalamu.

"Nitajie majina. Majibu nitayapeleka kwa miguu yangu, moja moja."

Mpimaji alianza na yule mama wa upasuaji. Alipofika jina la nne, akanyoosha mkono kabatini kuchukua glavu. Mlango ukafunguka, na kompyuta ikalia kwa sauti: Mtandao umekatika.

Mama Deki aliruka, maji yakamwagika.

"Niipunguze sauti?" fundi aliuliza.

"Thubutu!" alisema msimamizi, huku anaandika. "Shika upande ule wa kabati, tulisogeze."