Kilemba Chini ya Mikanda

Kila nirudipo kutoka shuleni huanza kwa kuosha sufuria aliyoiacha mama asubuhi. Siku hiyo povu lilikuwa bado limenifika viwikoni mlango uliposukumwa. Mama aliingia ameshikwa mkono na msimamizi wake, mzee aliyeitwa Kipimo kwa kuwa hakupiga hata msumari bila kuupima.

"Mtandikie mamako alale," aliniambia. "Amevuta hewa ya vanishi. Daktari amesema apumzike siku mbili."

"Umeniuliza hali yangu mara saba njiani," mama alinong'ona huku akijilaza. "Na hiyo nayo umeipima?"

Sikucheka. Mama hupulizia vanishi kwenye makabati katika karakana ya samani. Hapo huvaa barakoa nene yenye vichujio, inayokazwa kichwani kwa mikanda miwili. Juzi nilimsuka mistari midogo tangu mchana hadi jioni, kwa ajili ya siku ya wazazi shuleni.

"Mikanda isikuchakaze nywele," nilimwambia nilipomaliza. "Funga kilemba kwanza, barakoa iwe juu yake."

"Haya, msusi wangu," alijibu.

Sasa Mzee Kipimo alikaa ukingoni mwa kiti. "Miaka tisa sijawahi kumsahihisha mamako. Leo mikanda imeteleza juu ya kitambaa, barakoa ikaachia kidevuni. Wakubwa wanataka aondolewe chumba cha vanishi. Namwuliza sababu, ananiambia ni uzembe wake tu."

"Ndiyo, ni uzembe wangu," mama alisema upesi, akanitupia jicho.

Jicho lile lilinichoma kuliko kofi. Angepoteza kazi aliyoijua kuliko wote, nami nimesimama pale kama nguzo, mikono ikidondosha maji.

"Babu, ni mimi," nilisema. "Nilimwomba afunge kilemba chini ya mikanda."

Mzee alinigeukia. "Nitawaeleza wakubwa ukweli huo, na nitamwombea abaki. Lakini nisikilizeni wote wawili. Mikanda hukaa kichwani penyewe, na ukingo wa barakoa hushika ngozi. Kilemba, kofia, chochote kile, huja juu ya mikanda. Sumu haijali nani alikuomba, wala alikupenda kiasi gani. Na wewe, mama, mtoto huhurumiwa kwa mengine, si kwa pumzi yako."

"Nimekosa, mzee wangu," mama alisema.

Mzee alipoondoka, nilipiga magoti kando ya kitanda. Mama alinishika shavu kwa kiganja chenye harufu ya vanishi.

"Yameisha, mwanangu. Ulitaka nywele zangu zidumu tu."

Ningeweza kunyamaza.

"Si nywele, mama. Mwaka jana ulikuja shuleni siku ya wazazi na unga wa mbao kichwani. Wenzangu waliniuliza yule ni nani, nikasema sikujui. Nilikuonea aibu."