Kisu cha Springi ya Jipi

Sounhadj alilipiga nyundo lile bamba la chuma, na halikulia.

Alishangaa. Kwenye kibanda chake cha uhunzi pale mtaani Badjanani alichagua chuma kwa sikio kabla ya jicho. Msumeno mkuukuu ulikuwa na mlio mwembamba, na huo aliufanya visu vya kuparia samaki, vyepesi, vinavyopinda ubavuni mwa mfupa bila kukatika. Tupa iliyokwisha meno ilikuwa na mlio mkali na mfupi. Hiyo ni ngumu, hushika makali siku nyingi, basi akaitengea visu vya kuchinjia, ingawa ikidondoka sakafuni huweza kuvunjika kama sahani. Springi ya gari huvuma, hasa, na kwa kisu cha kupasulia kwa kishindo hakuna chuma cha feleji kinachoishinda.

Bamba hili lilikuwa la springi. Aboudou, fundi magari, alilifungua kwenye gari la jipi la mamluki lililoungua kwenye njia ya Vouvouni. Lakini lilipopigwa lilitoa pumzi tu, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Labda lina ufa," alisema Aboudou.

Sounhadj aliligeuza huku na huku. Ufa hakuuona. Na jirani yake Saoudat, mwuza samaki, alikuwa akimsumbua kwa muda mrefu atengenezewe kisu kizito cha kupasulia vichwa vya jodari. Akakifua.

Haikupita wiki Saoudat alimfuata nyumbani, kisu amekifunga ndani ya leso na kukishika mbali na mwili wake.

"Kaka Sounhadj, chukua kitu chako."

"Hakikati?"

"Kinakata. Lakini kinanuka petroli na mpira ulioungua, hata nikikiosha kwa ndimu." Aliteremsha sauti. "Tena kinasema. Mchana kweupe, nikiwa peke yangu jikoni. Kinasema, 'Mama, nina kiu.'"

"Saoudat!"

"Wallahi. Na sauti yenyewe naijua. Ni ya Houssen wako."

Nyuma ya ukuta wa makuti, sinia la mchele lilianguka chini. Djouhara, mke wake Sounhadj, alikuwa amesikia yote.

Houssen alikuwa mtoto wao pekee. Mamluki, Wazungu wa kukodiwa, walipoishika nchi, siku moja walimchukua mlangoni pa msikiti, kijana mzima na kanzu yake ya Ijumaa, kwa sababu mtu alisema amewatukana. Kila afisi waliyokwenda kuuliza, waliambiwa hajulikani. Djouhara hakukubali mtu yeyote atamke mbele yake kwamba amekufa.

Alikichukua kisu kwa Saoudat. Akakilaza juu ya mkeka chumbani kwa Houssen, akaweka pembeni kikombe cha maji.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Maji kikombeni yalikauka kabla adhuhuri haijaadhiniwa, na Djouhara alipojaza tena yalikauka tena. Mbuzi wa jirani hakupita mlangoni. Na Sounhadj, akirudi kula, alikuwa akiisikia harufu ya petroli tangu kichochoroni, akivuka kizingiti inamkaba koo, akifika ukumbini anamsikia mkewe akizungumza kwa upole kama anayembembeleza mgonjwa, kisha kimya, kisha ile sauti, ya mwanawe kabisa, yenye kile kikwazo kidogo kwenye herufi ya mwanzo, ikisema kwa kukwaruza nina kiu, mama, nina kiu, na miguu yake Sounhadj ikakataa kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma, kwa sababu alitaka kukimbia na alitaka pia kuingia akae asikilize. Djouhara aliacha kula. Midomo yake ilipasuka kama ya mtu aliyepotea jangwani.

Sounhadj akatuma ujumbe Mutsamudu, kwa mganga aitwaye Mwalimu Mouigni. Mzee alivuka bahari, akaingia chumbani, akakiangalia kisu bila kukigusa.

"Mama," alisema kwa ile lafudhi ya kisiwa chake cha Nzwani, "huyu si mwanao. Ni jini. Amefuata damu iliyochuruzika kwenye chuma hiki. Jini wa namna hii hana sauti yake mwenyewe. Anabeba maneno ya mwisho ya yule aliyefia hapo."

"Aliyefia," alisema Djouhara.

Alikisogeza kikombe cha maji karibu na kisu.

"Basi mwacheni, Mwalimu. Hata kwa sauti ya kuazima, mwacheni."

"Atakukausha mpaka ufe, mwanangu." Mzee akamgeukia Sounhadj. "Chuma mnakitoaje nguvu?"

"Unakipasha mpaka kiwe chekundu, unakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Kinalegea. Hakishiki makali tena."

"Kifanye hivyo. Mimi nitasoma. Ila ukianza, usisimame."

Baada ya alasiri Sounhadj aliwasha makaa. Mwalimu alisoma, mvukuto ukapumua, na kisu kilipoanza kuiva harufu ya petroli ilijaa kibandani hadi macho yakatoka machozi. Ndipo sauti ikaja.

"Mama, nina kiu. Baba, nimelala chini ya miguu yao, hawanisikii."

"Houssen!" Djouhara aliushika mkono wa mumewe. "Simama! Hajamaliza!"

Sounhadj aliuvuta mvukuto. Alilia kwa sauti na kuuvuta.

"Mwambieni mama," ilisema sauti, ikipungua, "mwambieni mama kwamba—"

Chuma kikawa chekundu chote. Upepo wa moto uliwapita usoni, ukatoka mlangoni. Kisha zikasikika dua za mzee peke yake. Sounhadj alikitumbukiza kisu kwenye majivu, akakaa chini.

Kesho yake, msikitini, Houssen aliswaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Watu walijaa mpaka barazani. Djouhara alikunywa maji, akala vijiko viwili vya uji, na wanawake wote waliokuja kumpa pole akawauliza swali moja tu. Wageni walipoondoka akamwuliza na mumewe.

"Baba Houssen. Alitaka niambiwe nini?"

"Kwamba hakuogopa," alisema Sounhadj. "Nilimsikia. Mimi nilikuwa karibu na moto."

Djouhara alimtazama. Alijua si kweli, kwani naye alikuwa karibu na moto. Akausogeza mkeka wake, akalaza kichwa begani kwake, akasema, "Rudia."

Akarudia.