Hadithi Iliyoondolewa Kambani

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1992, saa moja na nusu asubuhi. Mvua nyepesi ilinyesha katika mtaa wa Gitega, na ukungu ulikuwa umeifunika Kigali hata majumba ya kilima cha Kiyovu hayakuonekana.

Kayitesi, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameshafagia nyumba na kukinga maji ya mvua kwenye ndoo mbili. Sasa aliosha vikombe, tena kwa haraka. Saa mbili chumba cha kusomea cha Mwalimu Salvator kingefunguliwa, na hadithi yake ingekuwa imetundikwa kambani.

Kila mtoto wa mtaa ule aliijua kamba hiyo. Mwalimu Salvator, aliyekuwa amestaafu, alitoa gazeti dogo liitwalo Kurasa Nane, akilichapa mwenyewe kwa mashine ya kurudufu. Kila miezi mitatu alipokea mashairi na hadithi za mambo ya ajabu. Mwandishi alileta nakala mbili. Moja ilibaki kwa Mwalimu. Ya pili ilitundikwa kambani kwa vibanio vya nguo. Mtu yeyote aliingia, akasoma, akatia alama ya penseli chini ya ile iliyompendeza. Zilizopata alama nyingi ndizo zilizochapwa.

Kayitesi alikuwa amejaribu mara tatu, akashindwa mara tatu. Safari hii alikuwa na matumaini makubwa. Hadithi yake iliitwa “Nyumba Zinazosema.” Katika mwaka 2050, nyumba za mtaa zinapata sauti, na kila moja inaeleza yaliyofichwa chini ya paa lake.

“Mwaramutse, Mama Kayitesi.”

Mlangoni alisimama Bizimana, nyumbakumi wao, yaani msimamizi wa nyumba kumi za hapo. Kwapani alibana daftari.

“Mwaramutse, Bwana Bizimana,” akajibu Mukarugwiza, mama yake Kayitesi. “Kwema, mapema hivi?”

“Kwema tu. Natazama nani yupo na nani hayupo. Nani ana mgeni. Nani ana redio.” Alilamba ncha ya penseli. “Wewe unayo?”

“Ilikufa mwaka jana. Siku hizi nalala mapema.”

“Vizuri. Walalao mapema huishi sana.” Alicheka peke yake. “Na jirani yako Usumani, fundi cherehani? Yeye hulala saa ngapi?”

“Simlazi mimi, Bwana. Muulize mkewe.”

Bizimana hakucheka tena. Aliandika jambo, akaenda zake.

Mukarugwiza alingoja hadi hatua zake zilipopotea, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Tangu vita vianze kaskazini, mtu huchukuliwa kwa neno moja. Yule muuza makaa wa mtaa wa pili alikutwa akisikiliza kituo cha wale wanaopigana mpakani. Wiki ya tatu hii, hajarudi. Usitaje jina la mtu huko nje, mwanangu.”

Kikombe kilimponyoka Kayitesi, kikavunjika.

Nyumba ya tatu katika hadithi yake ilisema hivi: “Mimi ni nyumba ya Usumani fundi. Chini ya gunia la vipande vya nguo bwana wangu ameficha redio. Kila usiku anasikiliza kituo cha mpakani.” Siri hiyo aliambiwa na rafiki yake Aidah, binti Usumani, baada ya kuapa kwamba hataitoa. Kayitesi hakubadilisha jina hata moja. Alidhani majina ya kweli yangeifanya hadithi ya ajabu iaminike.

Saa mbili ilikuwa imeshapita. Hakuokota vigae. Alikimbia.

Chumba cha kusomea kilikuwa kimejaa watu waliokuja kusoma na watu waliokimbia mvua. Miongoni mwao, karibu na dirisha, alikuwapo Bizimana. Aidah alisimama mbele ya kamba, akisoma kwa sauti kubwa karatasi ambayo Kayitesi aliitambua kutoka mlangoni.

“‘Mimi ni nyumba ya Mama Kayitesi. Bati langu linavuja juu ya kitanda, na kila mvua ikinyesha mwenyewe hulala chini ya mwavuli!’”

Watu waliangua kicheko. Bizimana naye alicheka.

“Haya, mwandishi ndiye huyu!” Aidah akapaza sauti. “Umechelewa kama bibi harusi! Sikilizeni: ‘Mimi ni nyumba ya—’”

“Aidah, nyamaza!”

Chumba kizima kikamgeukia.

“Mbona unakata utamu?” Bizimana akauliza. “Mbili zimeshasema. Nyumba ya tatu inasemaje?”

Kayitesi alifikiri upesi. Angeweza kusema kwamba ameinakili hadithi hiyo mahali fulani. Lakini watu wangetaka kujua ni wapi, na wangeisoma zaidi. Alimgeukia Mwalimu Salvator.

“Mwalimu, hadithi yangu ina kosa. Kosa ni langu. Naomba niiondoe.”

Mwalimu alimtazama. “Unaijua kanuni. Anayeondoa karatasi yake hamo katika toleo hili.”

“Najua, Mwalimu.”

“Una wazimu?” Aidah akamnong'oneza. “Utashinda!”

Bizimana alinyoosha mkono. “Nipeni mimi. Nitalitafuta kosa lenyewe.”

Mwalimu alimtangulia. Aliichukua karatasi mkononi mwa Aidah, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. “Hapa kwangu, Bwana Bizimana, mwandishi akisema hajamaliza, hakuna anayesoma. Hata mimi mwenyewe sisomi.”

Bizimana aliutazama mfuko ule, kisha akamtazama Kayitesi kwa muda mrefu. “Kosa,” akasema polepole. “Haya.” Akafungua daftari lake, akaandika mstari mmoja, akatoka nje kwenye mvua.

Watu walipotawanyika, Kayitesi aliwaeleza Mwalimu na Aidah kila kitu. Aidah alisikiliza, uso ukimbadilika.

“Uliniapia,” akasema.

“Nilikuapia. Nikavunja.”

Mwalimu alichukua nakala zote mbili, akazichoma kwenye jiko la mkaa mpaka zikawa majivu. Kisha akaongozana na wasichana hadi kwa Usumani, na Kayitesi akarudia maneno yale yale mbele yake, bila kupunguza neno. Usumani alisimamisha cherehani. Aliutoa uzi sindanoni, akauviringa kidoleni.

“Bizimana amesikia kiasi gani?”

“Hakusikia habari ya nyumba yako, Baba Aidah. Lakini ameandika kitu.”

“Umekuja mwenyewe kuniambia. Ungenificha, ningelala leo bila kujua.”

Mwalimu Salvator akasema, “Sikiliza, Kayitesi. Kubuni mwaka 2050 ni rahisi. Kazi ya mwandishi ni kujua lililo lake na lisilo lake. Siri ya rafiki si yako, hata ukiivika hadithi nzuri namna gani. Na ukikosea, sema upesi kwa yule atakayeumia, maana kila saa unayoficha, yeye ndiye anayeilipa.”

Wiki ile ile Usumani aliiharibu redio yake kwa nyundo, akawapeleka watoto wake wawili wadogo kwa shangazi yao Bujumbura. Bizimana alipita nyumbani kwake mara mbili, akipekua magunia, asikute kitu. Mukarugwiza aliziba bati. Aidah hakuzungumza na Kayitesi kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimwita wakateke maji. Mwalimu Salvator alichapa toleo la Desemba, na ndani yake shairi la Aidah. Kayitesi alinunua daftari jipya, akaandika juu ya mji usiokuwapo na watu wasiokuwapo, akampa mama yake asome kwanza.