Ubeti Uliotoka Ukunguni

Zama zile wapanda farasi wa kaskazini walipokuwa wakimeza miji ya Wachina mmoja baada ya mwingine, mji wa Qinghe ulikuwa bado umefunga lango lake, adui amepiga kambi nje, kando ya mto. Mlinzi wake alikuwa Shen Baoqin, jemadari mshairi. Tangu rafikiye Gu Weiran, aliyezoea kujibizana naye kwa mashairi, auawe kwa mshale, Shen hakutunga tena hata mstari mmoja. Watu walimsema, kisha wakamzoea.

Asubuhi moja ya theluji, ukungu umeuziba mto, sauti ikapanda kutoka nje ya ukuta:

*Fungua nije uliko, baridini natetema,*
*Mfalme wetu hako, dola yetu imezama.*

Askari wakafa ganzi. Ilikuwa sauti ya Gu.

Sasa, watu wale walikuwa na ada yao: ukitupiwa shairi, hujibu ila kwa vina vile vile, na ukinyamaza umelikubali neno. Shen akanyamaza. Minong'ono ikaanza: ikiwa hata marehemu wanasema nchi imekwisha, sisi tunapigania nini? Wengine, masikini, njaa imewakondesha, walikwisha shika komeo la lango.

Mjane wa Gu, Bibi Tao, akapanda ukutani.

"Shemeji, mjibu," akasema. "Mimi ndiye mkewe, na siteremki kumfungulia."

Loo, jemadari aliogopa! Alishika ukuta kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akasoma:

*Sifungui, lala huko, hata nami natetema,*
*Lugha yetu ingaliko, na dola haijazama.*

Ukuta mzima ukaupokea ubeti. Waliokuwa langoni wakaliachia komeo. Ukunguni kikasikika kicheko.

Jua lilipotoka, walikuja watu bila silaha: vijana wa kusini, Wachina wenzao, waliolazimishwa na adui kumpigania. Walisikia vina vikijibiwa, wakajua kwao hakujafa, wakatoroka makundi kwa makundi. Kambi ilikuwa imevunjika. Shen akawauliza adui alimtuma nani kusoma.

Wakatazamana. "Hakutumwa mtu, bwana. Tulimwona mmoja amesimama langoni, ametugeuzia mgongo. Ulipomjibu, alicheka."

Theluji ya pale aliposimama haikuwa na alama ya mguu. Bibi Tao akasema mumewe hakutaka kufunguliwa kamwe. Alikuwa akimchokoza mwenzake, kama zamani, mpaka ajibu.

Vitabu vya wafalme viliandika kwamba adui alikimbizwa na baridi. Shen alikwenda ukutani kila asubuhi ya ukungu hadi uzeeni, akangoja kuchokozwa tena, asisikie kitu.