Karibuni, Fundi

Kiti cha tatu kilikuwa na joto, joto lile la kiti alichokuwa amekalia mtu sasa hivi. Mnasihi alikigusa tu akitaka kukisogeza ukutani, akarudisha mkono haraka. Kiti cha kwanza kilikuwa chake, cha pili cha fundi, na hicho cha tatu kiliwekwa kwa ajili ya mikoba. Mkoba wa fundi ulikuwa sakafuni.

"Hatuuweki hapo," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Si adabu kumwekea mtu mzigo mapajani."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Mnasihi akakirudisha kiti chake nyuma kidogo.

Jamani, msimcheke. Mama huyu kazi yake aliisomea na akaiva. Daktari wa kwanza alimcheka fundi waziwazi: "Jini zama hizi?" Fundi akanyanyuka, hakurudi tena. Mnasihi hakuwa wa namna hiyo. Kwake yeye, mtu akisema ana jini humbishii. Unamuuliza huyo jini amekuja lini na anataka nini. Ndivyo alivyompata fundi akafungua mdomo. Na kwa heshima zake, kila Jumanne alimpokea mlangoni vilevile: "Karibuni, fundi. Karibuni mketi." Mtu mmoja, akakaribishwa kwa wingi. Nani kati yetu hasemi hivyo? Lakini kuna masikio yanayolipima neno.

Fundi alikuwa mshonaji. Mwaka uliopita chumba chake cha kushonea kiliungua. Yeye alitoka, mdogo wake hakutoka. Tangu siku hiyo hasemi "mimi". Tumelala vibaya. Tumekula. Asubuhi moja bintiye wa miaka sita alimwamkia, "Shikamooni," akagombezwa, mama ni mmoja! "Na huyo wa nyuma yako nisimwamkie?" mtoto akauliza. Bibi yake, yaani mama mkwe wa fundi, alipoyasikia hayo akamchukua mjukuu kwake siku ileile.

"Leo bibi yake anasafiri naye," fundi alisema, machozi yakimtiririka. "Wako hapo chini. Ametupa saa moja, kisha tuagane na mtoto. Mama, tusaidie. Hatuna mwingine duniani ila yule."

Harufu ya kitambaa kilichoungua ikapanda. Chini ya meza, pasipo na kitu, pedali ya cherehani ikaanza kukanyagwa. Tak-tak, tak-tak. Mnasihi akabana magoti yake.

"Nieleze tena ile siku ya moto."

"Moshi ulikuwa mwingi. Tukaupapasa mlango. Tukatoka."

Mara kumi alishaisikia habari hiyo, ikapita kama maji. Leo ikamkwama sikioni.

"Mlitoka wangapi?"

Pedali ikanyamaza.

"Wangapi, mwanangu?"

"Usituulize hilo," fundi akanong'ona. "Amekasirika."

Mnasihi akaushika mkono wake na hakuuachia, hata pale kiti cha tatu kilipoanza kujiburuza chenyewe sakafuni kuwaelekea, taratibu, na moshi usioonekana ukawachoma macho, na pedali ikarudi mbio sasa, taktaktaktak, na sauti ya msichana ikaanza kuita dada, dada, ikitoka kinywani mwa fundi mwenyewe huku midomo yake imefungwa, na mnasihi akajua kabisa kwamba akiuachia ule mkono mtoto anayengoja kule chini ndiyo basi tena, hana mama.

"Sema wangapi!"

"Mmoja!" fundi akapiga ukelele. "Nilitoka peke yangu! Aliniita, nikamsikia, na sikurudi. Nilimwacha. Mimi! Mimi nilimwacha!"

Kiti kikalia kwi, kama kinavyolia mtu anaponyanyuka. Harufu ikakatika.

"Pole, mwanangu. Pole sana." Wakalia wote wawili. Fundi alimlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kila neno lililomtoka lilikuwa la mtu mmoja. Alipotulia, mnasihi alikigusa kile kiti. Baridi. Akacheka peke yake kwa furaha, akaenda mlangoni kuwaita waliongoja chini.

Mtoto aliingia nyuma ya gauni la bibi yake. Alimtazama mama yake, akachungulia nyuma yake, akachungulia tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Marahaba, roho yangu!" Fundi alimkumbatia nusura amvunje mbavu. Mama mkwe akalitua begi la safari, akajifuta macho kwa kiganja. "Haya," alisema, "safari imekufa. Twendeni nyumbani."

Mnasihi akainama, uso wote kicheko. "Na mimi je, mjukuu wangu, huniamkii?"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja, akalishika gauni la mama yake. Alimtazama mnasihi usoni, kisha akainua macho juu ya bega lake.

"Shikamooni."

Mnasihi akafungua kinywa aitikie, zikatoka marahaba mbili.