Twiga Ajifunza Kusimama Tena

Mtaani walimwita Twiga. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, tena mrefu kupita kiasi. Wenzake wakihangaika kutafuta ngazi, yeye alikuwa ameshamaliza nusu ya ukuta. Mkewe, fundi cherehani, hakuchoka kumtania.

"Suruali yako moja inamaliza kitambaa cha watu wawili," alimwambia. "Bahati yako nimekuoa bure. Ungekuwa mteja, ningekufukuza."

"Mimi ndiye niliyekuoa," Twiga alijibu akicheka.

Asubuhi moja walikuwa wakinywa chai. Kikombe kikamponyoka Twiga mkononi. Mdomo wake ukaenda upande. Mkono wa kulia ukaning'inia kama si wake. Alitaka kusema kitu, maneno hayakutoka. Mkewe hakungoja. Alipiga kelele, majirani wakaja, wakamkimbiza hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa ndani ya kichwa, na sehemu ya ubongo ikakosa damu.

Baada ya wiki tatu Twiga aliruhusiwa kurudi nyumbani. Waliambiwa arudi hospitali mara mbili kwa wiki kufanya mazoezi. Mkewe alihamishia cherehani chumbani ili asimwache peke yake.

Siku ya tatu alijaribu kumsimamisha mwenyewe. Alimvuta kutoka kitandani moja kwa moja hadi akawa wima.

"Moyo," Twiga alisema kwa shida. "Moyo... mbio."

Kisha macho yakampinduka. Akaanguka, akapasuka juu ya jicho kwenye pembe ya meza ya cherehani.

Mkewe aliifuta ile damu. "Basi," alisema. "Mazoezi yatakuua. Lala, mume wangu. Mimi nipo."

Tangu siku hiyo hawakurudi kwenye mazoezi. Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza, akampa dawa zake bila kukosa. Twiga akitaka kuinuka, alimrudisha kwenye mto. Hilo lilikuwa pendo, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Lakini miguu ya Twiga ilizidi kuwa myembamba. Ikafika mahali akikalishwa tu anywe uji, jasho linamtoka na moyo unadunda.

Miezi miwili ikapita hivyo. Ndipo mama yake Twiga akafariki.

Mama huyo aliishi mwendo wa saa moja kwa gari. Twiga alikuwa mwanawe wa kwanza. Siku ya mazishi mkewe alimvalisha shati jeupe. Shemeji zake wawili wakambeba hadi kwenye gari, wakamkalisha. Kabla mlango haujafungwa, uso wa Twiga ulikuwa umepauka kama majivu. Kichwa kikaanguka kifuani.

"Mrudisheni!" mkewe alilia. "Atatufia njiani!"

Walimrudisha kitandani. Alipolazwa, fahamu zikarudi. Akasikia gari likiwashwa, likaondoka bila yeye. Alilala na shati lake jeupe, akitazama dari.

"Mama," alisema. Baada ya muda mrefu akaongeza, "Nimemwacha."

Mkewe alimfungua vifungo kimojakimoja.

Wiki iliyofuata mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamke mwenye mkoba begani.

"Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali," alisema. "Nawatembelea wagonjwa walioacha kuja. Poleni na msiba, mama. Nimesikia kwa majirani."

"Asante, dada. Ila usijisumbue. Moyo wake hautaki mazoezi."

Mtaalamu hakubisha. Alimpima Twiga shinikizo la damu akiwa amelala. Akamwinua taratibu hadi akaketi, akampima tena. Shinikizo lilikuwa limeshuka sana. Akamlaza.

"Mama, moyo wa mumeo umewahi kuugua kabla ya kiharusi?"

"Hata siku moja. Na hospitali waliupima, wakasema ni mzima."

"Basi sikiliza. Ukisimama sasa hivi, damu inataka kukimbilia miguuni. Mbona huanguki?"

Mkewe alifikiri. "Sijui. Hata sijawahi kuwaza."

"Kwa sababu ubongo unawaza kwa niaba yako. Kuna mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo na kwenye mishipa ya damu. Mingine inaharakisha moyo, mingine inautuliza, kama mafuta na breki za gari. Kiharusi kinaweza kuharibu mkono na ulimi. Kinaweza pia kuvuruga mafuta na breki hizo. Moyo unakwenda mbio pasipo sababu, au damu haipandi kichwani mtu akiinuka."

"Kwa hiyo kulala kunamsaidia."

"Kulala sana kunazidisha. Mwili usioinuka unasahau namna ya kuinuka. Mazoezi ya polepole yanaukumbusha."

Mkewe aliinamisha kichwa. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkosesha kumzika mama yake?"

Mtaalamu hakutaka kumdanganya.

"Kiharusi ndicho kilichoanza, mama. Kitanda kikaongeza. Na sisi tulimruhusu aje nyumbani bila kukueleza vizuri. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Fundi cherehani alilia. Twiga alinyoosha mkono wake wa kushoto, akamshika kiganja.

Walianza siku ileile. Kwanza mito ilipangwa mgongoni, kichwa kikainuliwa kidogo. Kesho yake juu zaidi. Akizoea, anaketi ukingoni mwa kitanda, anachezesha nyayo juu na chini, anavuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu. Anangoja dakika kadhaa. Asipoona kizunguzungu, ndipo anasimama akishikwa.

Mtaalamu alimfundisha mkewe kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima.

"Akiumwa kifua, akikosa pumzi, au mapigo yakirukaruka ovyo, acha mazoezi, mlete hospitali," alisema. "Mdomo ukienda upande tena, usingoje hata dakika. Na dawa za shinikizo la damu alizopewa hospitali asiache, hata akijisikia mzima."

Haikuwa kazi rahisi. Siku nyingine Twiga alikataa kuinuka, akageukia ukuta. Siku nyingine alilia kwa hasira kwa sababu neno "maji" halikutoka. Mkono wake wa kulia haukushika tena brashi, na mtaalamu aliwaambia wazi kwamba huenda usishike kamwe. Wenzake walikuja, wakachukua ndoo za rangi zilizobaki. Twiga hakuwatazama.

Lakini mwezi wa pili wa mazoezi aliketi kwa saa nzima bila jasho. Mwezi wa nne alitembea na mkongojo hadi mlangoni.

"Inama, baba," mkewe alisema. "Utagonga kichwa."

Twiga alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mkewe akageuka haraka ili asionekane akifuta macho.

Mwezi wa tano Twiga alisema maneno mawili: "Kwa mama."

Walikwenda kwa gari. Aliketi wima safari nzima. Makaburini alitembea mwenyewe, hatua moja baada ya nyingine, hadi kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeshatulia. Alisimama pale. Mabega yakaanza kutikisika.

Mkewe alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa ya haraka.

"Moyo unakwenda mbio," alisema kwa hofu. "Njoo ukae."

Twiga alitikisa kichwa.

"Si ugonjwa," alisema polepole. "Nalia."

Mkewe hakumvuta. Alibaki amesimama kando yake, vidole vikiwa palepale, akihesabu. Twiga alimlilia mama yake mpaka akamaliza. Kisha chini ya vidole vya mkewe mapigo yakaanza kupungua, kidogokidogo, yenyewe, mpaka yakatulia.