Maana ya Vikapu Arobaini

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni ile ile. Nafagia chumba cha kikundi, naloweka ukindu kwenye karai ili ulainike, kisha napanga vigoda kumi na kimoja kando ya ukuta. Bibi yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wasukaji vikapu, na mjukuu wa mwenyekiti hana cheo chochote ila ufagio.

Mwaka huu kazi iliongezeka. Chuo kikuu kilitia saini mkataba wa ushirikiano na kikundi chetu. Wanafunzi wa chuo wangekuja kujifunza kusuka, chuo kingeandaa maonyesho ya vikapu vyetu, na mambo yakienda vizuri, Bibi angechukuliwa kufundisha kule siku mbili kwa wiki. Bibi aliachishwa shule akiwa darasa la tatu ili alee wadogo zake. Kesho yake baada ya kusikia neno "kufundisha", nilimkuta akifanya mazoezi ya kuandika saini.

Aliyeletwa kutusimamia alikuwa mhadhiri mmoja mpole, mwenye miwani na fomu. Alikuwa na fomu ya majina, fomu ya umri, fomu ya picha, hata fomu ya kuorodhesha fomu. Akina mama walimbatiza Mama Fomu wiki ya kwanza, na kufikia wiki ya tatu wakisikia gari lake tu, wanaguna. Iliyotuchosha kuliko zote ni ile yenye mstari ulioandikwa "Maana ya nakshi".

"Bibi, hii nakshi ya meno ya msumeno ina maana gani?" Mama Fomu aliuliza.

"Haina maana, mwanangu," Bibi alijibu, mikono yake ikiendelea na kazi. "Hapo ndipo ukindu mmoja unapoisha na mwingine unapoanza. Nikiweka mweusi, maungio hayaonekani."

Mama Fomu alitikisa kichwa polepole, akauliza tena kwa njia nyingine. Je, marehemu mama yake Bibi alisemaje? Je, hakuna hadithi iliyofichika humo? Bibi akasema hakuna. Akaulizwa mara ya tatu. Mwishowe Bibi alishusha pumzi ndefu, akasema fomu zibaki kwetu, mimi mwenye mwandiko mzuri nitazijaza taratibu nikimuuliza.

Vikapu vilikuwa arobaini. Jumatatu nilijaza fomu sita, zote "haina". Jumanne, nilipofika kikapu cha saba, Bibi alinitazama kwa jicho kali akasema nikitaja tena neno "maana" atanivisha hicho kikapu kichwani. Huko nje wenzangu walikuwa wananiita kwenye mpira wa pete. Timu ilipungukiwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Hasira zikanipanda. Kama Mama Fomu anataka maana, nikajiambia, basi leo atazipata mpaka zimkinai. Meno ya msumeno yakawa "machozi ya mjane". Mistari miwili ikawa "njia ya waliotutangulia". Duara likawa "subira". Hata zile sita za mwanzo nilizifuta nikaziandika upya. Nilimaliza zote kabla jua halijapunguza ukali, nikaenda kucheza. Tulifungwa hata hivyo.

Mama Fomu aliposoma alikaribia kulia kwa furaha. Mimi nilidhani ataziweka kwenye faili azisahau. Kumbe sivyo. Siku mbili kabla ya maonyesho, kikundi kizima kilialikwa chuoni kukagua ukumbi, na kitu cha kwanza nilichokiona ukutani ni maneno yangu mwenyewe, yamechapwa kwa herufi kubwa: MACHOZI YA MJANE. Chini ya kila kikapu palikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na uongo wangu.

Mama Fomu alimshika Bibi mkono. Alimwomba siku ya ufunguzi asimame mbele ya wageni awasimulie habari za yule mjane.

"Mjane gani?" Bibi akauliza.

"Wa kwenye nakshi, Bibi. Uliyetueleza habari zake wewe mwenyewe."

Akina mama wakatazamana. Mwanafunzi mmoja wa chuo, kwa huruma tu, alimnong'oneza mwenzake kwamba wazee husahau. Hakujua kunong'ona, sote tulimsikia. Bibi akakigusa kile kikapu alichokisuka kwa mikono yake, akapitisha kidole juu ya nakshi kama anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Labda nilisema," akasema polepole. "Labda mama aliniambia, ikanitoka. Siku hizi sijui."

Kwa kugombezwa nilikuwa nimejiandaa, hata kukanusha. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Bibi hajasahau jambo maishani mwake. Mpaka leo anajua ni nani aliyeazima sindano yake kubwa kabla sijazaliwa. Sasa alisimama mbele ya watu akijitilia shaka kwa sababu yangu. Nilijichukia.

"Hukusema, Bibi," nikasema. "Ni mimi. Nilizitunga zote ili niwahi mpira."

Mama Fomu aliketi kwenye kiti cha karibu, akavua miwani, akajifuta uso. Kisha akapiga simu kiwanda cha uchapaji wasimamishe kijitabu cha maonyesho kilichokuwa kinachapwa, akaanza kubandua kadi moja baada ya nyingine.

"Bibi alinijibu tangu siku ya kwanza," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka hoi. "Mimi ndiye sikulipenda jibu lake. Unisamehe, Bibi."

Kesho yake baada ya shule niliketi kando ya Bibi na kadi arobaini tupu, nikaandika alichokisema, bila kuongeza wala kupunguza. Hii inaficha maungio. Hii inakaza ukingo. Hii, alikosea hesabu akaamua kuendelea hivyo hivyo.

Ijumaa alisimama mbele ya wageni akawaeleza hayo hayo. Wageni waliinama juu ya vikapu kuyatafuta maungio, wasiyaone, wakamtaka awafundishe palepale. Mkuu wa idara pale chuoni alimuuliza kama anaweza kuanza Jumatatu.

Tulirudi kwa miguu. Siku mbili nzima nilikuwa nangoja kukaripiwa. Karibu na nyumbani alisimama kupumzika.

"Kuchoka, hata mimi nilichoka," alisema. "Ungeniambia umechoka, ningekuruhusu ukacheze, fomu zingesubiri. Hilo nimeshalisamehe. Lakini ulinisikia pale niliposema labda nimesahau?"

"Nilikusikia, Bibi."

"Wakati ule niliamini akili yangu imeanza kuniacha. Niliogopa, mjukuu wangu. Wewe ulitaka kumdanganya Mama Fomu, lakini uongo ukishautoa mdomoni huuchagulii wa kumuumiza. Wako uliniumiza mimi. Ukiwa umechoka, sema umechoka. Ukiwa hujui, sema hujui. Hata kama anayekuuliza hatalipenda jibu lako."

Nilimwomba msamaha nikimtazama usoni. Akaniegemea begani, tukamalizia njia.